Babu Hulala Wageni Wakija

Mama Povu alishusha shuka la kwanza kutoka kwenye kamba, akalitazama, akasonya. Lilikuwa limeota madoa meusi kutoka pindo hadi pindo, madogo madogo, yenye mafuta. Hakuyagusa. Masizi ya dizeli ukiyagusa kwa kidole yanatanuka na kushika uzi, na hapo hata ulichemshe shuka na kulisugua mpaka ngozi ya vidole ikuchubuke, litabaki na kivuli, na hoteli haipokei kivuli. Akalishika kwa ncha mbili, akalikung'uta polepole, akalirudisha kwenye beseni. La pili likafuata, na la tatu, mpaka kamba ikabaki tupu na kazi ya tangu alfajiri ikawa imerudi majini yote.

"Babu kakohoa?" mumewe aliuliza kutoka ndani.

"Hajakohoa. Katapika."

Babu lilikuwa jina la mtaa mzima kwa kile kituo cha umeme cha dizeli kilichokuwa ng'ambo ya ukuta. Getini kilikuwa na jina refu, lenye maneno ya ustawi na maendeleo, lakini nani angehangaika kulitamka? Kilikohoa, kilinguruma, kilitoa moshi kutwa kucha, na hapakuwa na mkwe wala mjukuu aliyethubutu kukiambia kizime sigara. Basi kikawa Babu. Watoto wa mtaa walijifunza kuchora nyumba, jua, na mabomba yake manne, na moshi waliuchora kwa penseli nyeusi wakiibonyeza mpaka karatasi inatoboka.

Fundi, mume wa Mama Povu, alikuwa amemhudumia Babu kwa mikono yake. Ujana wake wote aliumaliza kwenye chumba cha injini, akivuta kinachovutwa humo, mpaka kifua kilipogoma. Kampuni ikamuaga kwa soda na makofi. Tangu hapo alilala akiwa ameketi, mito imepangwa mgongoni, kwa sababu akijinyoosha chali pumzi inakatika. Hakuwa mtu wa kujihurumia. Aliyekuja kumpa pole alitaniwa mpaka akaondoka ameshika mbavu, ila baada ya mgeni kutoka Fundi aliulipia mzaha ule: alikohoa mpaka midomo ikawa rangi ya jivu.

"Dawa nitaandika," daktari alikuwa amesema bila kuinua kichwa. "Lakini huyu anachohitaji ni hewa. Mtoeni pale."

Na nafasi ya kumtoa iliwahi kuwapo. Hilo ndilo lililomtafuna Mama Povu kila alipoinama juu ya beseni.

Juu ya uwanja wake zilipita nyaya za laini kubwa mpya ya umeme, nene kama mikono ya mtoto, zikining'inia kutoka mnara mmoja wa chuma hadi mwingine. Zilitoka milima ya mbali, kulikosimikwa mapanga makubwa yanayozungushwa na upepo kuzalisha umeme, zikaja kushuka kwenye kituo cha kupoozea umeme nyuma ya Babu. Njia ya nyaya ilipopimwa, nyumba zilizoangukia chini yake zilibomolewa na wenyewe wakapewa viwanja nyuma ya vilima, mahali pasipo na bomba la moshi hata moja. Nyumba ya Mama Povu iliangukia ukingoni. Jiko na nusu ya uwanja wa kuanikia viliingia kwenye njia ya waya, vyumba viwili vikabaki nje. Wakaambiwa wachague wenyewe, kuhama au kubaki.

"Twende zetu," Fundi alisema.

"Huko nitamfulia nani? Nyani?"

"Tutakula hewa."

"Hewa haina mboga, baba."

Ndipo akaja Bwana Itifaki. Alikuwa msemaji wa kampuni ya umeme, kijana wa viatu vinavyong'aa, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuweza kufungua kinywa bila kusema itifaki imezingatiwa, hata akiwa anazungumza na wanawake watatu bombani. Alikaa kwenye kigoda cha Mama Povu, akapokea maji, akayaweka chini bila kuyanywa.

"Mama yangu," alisema, "laini hii ikiwashwa, ile mitambo inazimwa. Umeme wa upepo hauna moshi. Ndiyo maana ya mradi wenyewe: kupunguza hewa ukaa. Sasa wewe unataka kuikimbia hewa safi ikiwa njiani kuja mlangoni kwako?"

Mama Povu aliisikia habari ile kidobi. Miaka na miaka nguo nyeupe alizikausha sebuleni, juu ya viti, chini ya kitanda, mpaka nyumba ikanuka uvundo na mumewe akaishi katikati ya mashuka mabichi ya watu asiowajua. Sasa aliona kamba ndefu, juani, imejaa nyeupe tupu. Hakuuliza lini, hakuuliza nani atazima. Alisema wanabaki. Fundi alimtazama, akafungua mdomo, akakohoa, na kikohozi kilipokwisha jambo lilikuwa limeshaamuliwa.

Wakavunja jiko. Akawa anapikia kibarazani.

Siku ya kuamkia uzinduzi wa laini, mchana, Fundi aliita. "Zima hiyo redio nisikilize."

"Redio gani? Haina hata betri."

"Basi sikiliza."

Mama Povu akasikiliza. Hakuna kitu. Alisikia mwiko wa jirani ukigonga sufuria. Alisikia mtu akifagia mtaa wa pili. Walikuwa wamekaa ndani ya ngurumo ile muda mrefu kiasi kwamba ukimya uliwatia hofu, wakatazamana kama watu waliosikia mwizi. Kisha Mama Mapacha, jirani yao mwenye watoto mapacha wasiokaukwa na mafua, akapiga vigelegele ukutani: "Babu kalala! Jamani, Babu kalala!"

Fundi alilala chali siku ile. Alilala moja kwa moja mpaka asubuhi, akikoroma kihuni, na mkewe akaketi pembeni yake akiisikiliza mikoromo ile kama muziki. Alipoamka aliomba shati lake jeupe. Akatembea mwenyewe hadi getini kwao, pole pole, mkono mmoja ukutani, akasimama pale akisalimia wapita njia kwa sauti kubwa, akiwauliza wamekula nini na wamemwachia nini. Pumzi ilimtosha sentensi nzima, na mzaha, na cheko la baada ya mzaha. Mama Povu aligeuza uso akajifanya anatafuta vibanio. Aliona furaha mpaka akaogopa.

Vitambaa vyote vya meza na viti vya sherehe alikuwa amepewa yeye avifue. Babu alipolala tu, alivianika nje, kweupe, mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo. Vilikauka vikawa vyeupe mpaka vinaumiza macho.

Uzinduzi ulijaa mahema na vipaza sauti. Mheshimiwa alibonyeza kitufe, taa za rangi zikawaka juani ambako hazikuonekana, watu wakapiga makofi. "Kuanzia leo," alisema, "moshi ni historia! Dunia inatutazama!" Mpiga picha wa kampuni, akizunguka kutafuta wananchi, akamkuta Fundi getini kwake katika shati jeupe.

"Mzee, vuta pumzi. Vuta kwa nguvu, kifua mbele. Safi sana! Rudia."

Fundi akarudia. Alikuwa nayo ya kurudia.

Msafara wa Mheshimiwa uliondoka na ving'ora vyake. Kesho yake, mashuka ya hoteli yakiwa kambani, Babu akaamka. Injini zilizolala huwaka kwa matapishi: mabomba yote manne yalitoa wingu zito, jeusi, likapanda, likasita juu ya mtaa, likashuka. Mama Povu alikimbia na beseni lakini hakuwahi hata shuka moja.

"Wanazijaribu kwa mara ya mwisho," alimwambia mumewe. "Mashine ukitaka kuifunga lazima uiwashe kwanza. Si ndivyo?"

Fundi, ambaye alijua kabisa kwamba sivyo, alimwonea huruma. "Ndivyo," alisema.

Mara ya mwisho ile haikwisha. Walisubiri wiki ile, wakasubiri na iliyofuata. Nyaya juu ya uwanja zilivuma, Babu alinguruma, na Mama Povu chini yao akapiga pasi kwa mkaa kama zamani, kwa sababu umeme wote ule ulipita juu ya kichwa chake kama ndege za watalii. Aliyekuja kuwaeleza ukweli ni Injinia, binti aliyeanza kazi chini ya Fundi na sasa alikuwa mkuu wa zamu kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Alikuja kumjulia hali na mkono wa ndizi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mzee wangu, vipi?"

"Niko kama injini namba tatu," Fundi alisema. "Nawaka kwa kusukumwa."

Injinia alicheka, kisha akaacha kucheka. Mama Povu alimkazia macho. "Mwanangu, ule umeme wa upepo haufiki?"

"Unafika, mama. Unafika mwingi. Ile laini ni kubwa, ingeweza kulisha mji huu wote na nafasi ikabaki."

"Sasa Babu anafanya nini?"

"Ana mkataba." Binti alitazama mikono yake. "Mwenye mitambo ya dizeli alisaini zamani kwamba umeme wake ununuliwe kwanza. Ukihitajika, usihitajike. Na mafuta yale yana mwenye kuyauza, na mwenye kuyauza ana ndugu mezani panaposainiwa. Kwa hiyo umeme ukizidi, tunapiga simu kule milimani."

"Mnawaambia nini?"

"Wafunge mapanga."

"Upepo ukiwapo?"

"Upepo ukiwapo, mama. Jana ulivuma vizuri sana. Mimi mwenyewe ndiye niliyepiga simu."

Alisema bila kujitetea, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Mama Povu alimtazama yule binti aliyesoma, nadhifu, mwenye kitambulisho shingoni, akijua kila kitu na kurudi kazini kila asubuhi, na kwa mara ya kwanza akahisi kinyaa cha kweli. Wala hakikuwa cha binti peke yake. Walikuwa wamevunja jiko lake, wakapitisha waya kando ya chumba cha mgonjwa wake, na mwisho wa yote waliuzima upepo ili moshi upate nafasi. Alizitupa ndizi. Baadaye akaziokota, maana hazikuwa na kosa na chakula ni chakula.

Kisha wakaja wageni wa kwanza.

Walikuwa watu wa benki iliyokopesha fedha za kujenga laini. Asubuhi hiyo gari la kampuni lilimwaga maji barabarani kutuliza vumbi, na Bwana Itifaki akapita mwenyewe: "Mwambieni mzee avae lile shati." Haikupita muda Babu akanyamaza. Wageni walishuka wakiwa na kofia ngumu na mashine ndogo ya kupimia hewa, wakaiweka getini kwa Fundi, kwa kuwa picha yake ndiyo iliyokuwa kwenye kitabu cha mradi. Mashine ikalia taratibu, ikaridhika. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye uso wa huruma, akataka kuzungumza na mzee. Bwana Itifaki akatafsiri.

"Anauliza, maisha yako yamebadilikaje?"

Fundi alivuta pumzi, akaifurahia kwanza. "Mwambie asiondoke," alisema. "Wakiwa hapa napumua. Wakiondoka mitambo inawashwa tena. Mwambie abaki, nitampa kitanda, sisi tutalala chini."

Bwana Itifaki alitabasamu, akamgeukia mgeni, akasema maneno mafupi mno. Mgeni yule akaweka kiganja kifuani, akaushika na mkono wa Fundi, akatikisa kichwa kwa shukrani.

"Umemwambia nini?" Mama Povu alimuuliza wageni walipopanda magari.

"Kwamba anawakaribisha tena. Si ndicho alichosema?"

Wakaja wengine. Walikuja wapimaji, walikuja wanafunzi, akaja mtu na kamera inayoruka. Kila walipokuja, Babu alilala. Kila walipoondoka, aliamka na kutapika. Mtaa, ambao hauna uwezo wa kukasirika kila siku, ukajipanga upya kufuatana na hilo. Nguo nyeupe zikangoja siku ya wageni. Mikeka ikangoja, magodoro yakangoja. Mama Mapacha alikuwa akiwatoa wanawe nje kama vifaranga. Harusi moja ilisogezwa mbele kwa sababu fununu zilisema kuna ujumbe unatarajiwa. Na hapakuwa na haja ya kutangaza: watu walitupa jicho kwa Fundi. Akitoka na shati jeupe, basi wageni wako njiani, anika.

"Nimekuwa bendera," Fundi alisema. "Nikipanda, taifa linafua."

Mama Povu alicheka naye, na akajichukia. Alijikuta akiombea wageni. Akiinama kusali, mahali pa riziki na afya, aliomba wageni. Wawe wengi, wawe wadadisi, gari lao liharibike. Mtu mzima, dobi wa kujitegemea, aliyelea watoto na kuwaoza, sasa anawatamani watu wa benki kama mtoto anayengoja pipi. Ilimuuma kuona jinsi walivyomfundisha kuomba jambo dogo, na jinsi alivyojifunza haraka.

Halafu wageni wakakoma. Kiangazi kiliingia, upepo ukatulia mtaani, na moshi ukawa haupandi kwenda kokote. Fundi aliacha kutania. Hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko kikohozi. Alikuwa akianza sentensi na kuikata katikati, akiinua kidole kuomba angojewe, na anayengoja anasahau ilikuwa inahusu nini. Shingo ilimchimbika kila alipovuta. Kwenye zahanati walimwekea hewa ya mtungi kwa muda, kisha mtungi ukahitajika kwa mwingine.

"Mtoeni pale," daktari alirudia.

Mama Povu akajikaza kisabuni, akafunga kitenge chake kizuri, akaenda ofisini kwa Bwana Itifaki.

Ofisi ilikuwa ndani ya uzio wa Babu mwenyewe, lakini madirisha yake hayakufunguka na ndani kulikuwa na kiyoyozi. Hewa ya baridi, iliyochujwa, ilimshuka Mama Povu kifuani mpaka tumboni, akaona haya kwa utamu wake. Ukutani, picha ya Fundi, kubwa kuliko mlango, kifua mbele.

"Karibu, mke wa mtu maarufu!" Bwana Itifaki alisimama, akaketi. "Itifaki imezingatiwa. Niambie."

"Wageni wanakuja lini?"

"Wageni gani?"

"Wowote. Wa benki, wa mashine, wa kupiga picha. Hata mmoja."

Bwana Itifaki alicheka kwa upole. "Wageni wamemaliza kazi, mama. Ripoti imekubaliwa."

"Imesema nini?"

"Kwamba laini imefanya kazi yake. Hewa ukaa imepungua. Imeshatolewa kwenye hesabu ya nchi, na kuna viwanda huko ng'ambo vimeshanunua hati za kile tulichopunguza. Navyo vinatoa moshi wao kwa amani."

"Na huu wa hapa?"

"Upi?"

Mama Povu alinyoosha kidole dirishani. Babu alikuwa pale pale, nyuma ya kioo, akifanya kazi yake. Bwana Itifaki aligeuka akatazama, kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wa jirani.

"Ule, mama, kwa hesabu, haupo."

Mama Povu akashusha kidole. Hasira ilikuwapo, lakini alikuwa amekuja kwa ajili ya mtu, hakuja kwa ajili ya hasira. "Sikuombi mumzime Babu," alisema. "Hilo nimeshalitema. Naomba mgeni mmoja tu. Hata wa uongo. Mvalisheni mtu kofia ngumu, aje akae nusu siku. Mume wangu anakufa, baba."

"Mgeni haagizwi kama soda. Na kuzima mitambo kuna gharama zake, mama, hatuzimi tu hivi hivi."

"Basi tupeni kiwanja kule vilimani. Nilikosea. Nakubali kuhama."

"Viwanja vimekwisha."

"Vilikuwa vingi."

"Watu wamejenga. Wenzetu wa ofisini wengi wako kule." Uso wake ulilainika, akasahau kidogo anaongea na nani. "Mimi mwenyewe nimehamishia familia. Mwanangu alikuwa na pumu, sasa huwezi kujua. Kule kuna hewa, mama, acha tu!"

Akasimama kumsindikiza. Mlangoni akakumbuka jambo, akarudi, akafungua kabati, akatoa rundo la mapazia. "Na haya yapitie kwako. Yalikuwa meupe. Yameingia weusi, hata hatuelewi unatoka wapi."

Mama Povu aliyapokea. Ndivyo mikono inavyozoea; mtu akiinyooshea nguo chafu, inapokea.

Fundi alikuwa akimsubiri, macho yakiwa mlangoni. Alikuwa ametelemka kwenye mito na hakuwa na nguvu ya kujipandisha. Mama Povu alimwinua kwa kwapa, akampanga upya, akamfuta jasho. Alikuwa mwepesi mno.

"Wana..." Fundi aliinua kidole. Akavuta. "Wanakuja?"

Njia nzima Mama Povu alikuwa amejipanga kumwambia ukweli. Lakini alimtazama alivyoshikilia godoro kwa mikono miwili, akingoja jibu kana kwamba jibu ndilo pumzi.

"Kesho," alisema. "Wengi."

Kesho yake Fundi alidai shati. Mkewe alisema ni mapema. Akadai kwa kidole, kwa macho, mpaka likaletwa. Akadai kiti getini. Mama Povu alimbeba mgongoni, dobi aliyezoea kubeba mabunda, akamketisha, akamfunga vifungo. Ng'ambo ya ukuta Babu alinguruma kwa mabomba yote manne. Fundi akaketi wima, uso barabarani, kifua kimeinuliwa kidogo, tayari.

Mama Mapacha alitoka kumwaga maji, akaona shati.

Mama Povu alijaribu kumwita. Alifungua mdomo akaona macho ya mumewe yamemgeukia, akaufunga. Tayari sauti ilikuwa inapita ukuta hadi ukuta: wageni, wageni wanakuja, Fundi kavaa. Milango ikafunguka. Zikatoka sare za shule, kanzu, majoho ya kwaya, vyandarua, gauni la muuguzi, shela la bibi harusi lililokopwa na lazima lirudi. Kamba zikajaa mtaa mzima, nyeupe juu ya nyeupe. Mama Mapacha akatandika mkeka nje, akawalaza wanawe chali, akawavua fulana wapigwe na hewa.

Wakangoja. Wengine walitazama barabara, wengine mabomba.

"Mbona hajazima?" mtu aliuliza.

"Hawajafika barabara kuu," Fundi alisema. Ilimchukua muda mrefu kuimaliza sentensi hiyo. "Huzima... wakikaribia."

Punje za kwanza nyeusi zikaanza kushuka, taratibu, zikatua kwenye shela. Hakuna aliyeanua. Kuanua kungekuwa kusema kwamba hawaji.

"Mama Povu," Mama Mapacha alimwita, "mbona wewe huaniki?"

Mama Povu aliingia ndani, akatoka na mapazia ya Bwana Itifaki, bado yanatona maji. Akarusha la kwanza juu ya kamba, chini ya waya.

"Linyooshe vizuri," mumewe alimwambia kutoka kwenye kiti. Masizi yalikuwa yameshamtua mabegani. "Wasije wakatukuta wachafu."

Akalinyoosha.